Nguo za Kazi Uache Kitale

Kabla sijamsema mama mkwe wangu, na nitamsema, acha kwanza nizungumzie nguo zangu.

Mimi hushona magunia. Kuanzia Oktoba mpaka Januari, mahindi yakianza kutoka Endebess na Kiminini kuja Kitale, mimi husimama ndani ya stoo moja ya mabati na sindano ndefu mkononi, nikifunga midomo ya magunia. Wanaume wanajaza, sisi wanawake tunashona, lori linapakia. Vumbi la pale si kama la barabarani. Ni jepesi, jekundu kidogo, ni vile vigamba vinavyotoka kwenye punje, na linaingia masikioni, kwenye nyusi, mpaka ndani ya sidiria. Ukipiga makofi jioni unaona wingu. Nililizoea hata nikalipenda. Likiwepo, kazi ipo.

Kisha narudi nyumbani, binti yangu ananikimbilia, namwinua, anaficha uso shingoni mwangu, ndani ya kitambaa changu cha kichwa. Miaka miwili nilimkumbatia hivyo kila jioni, na miaka hiyo hiyo miwili nikawa nauliza huu ugonjwa unatoka wapi.

Alikuwa na miaka minne kifua kilipoanza kupiga mluzi. Zahanati wakasema ni pumu. Wakanipa pampu mbili za kupulizia dawa kupitia kidirisha, ya bluu na ya kahawia. "Bluu akibanwa, kahawia kila siku. Anayefuata!" Nikaitikia. Nilimaliza Fomu Foo mimi. Nilichora mapafu kwenye mtihani wa bayolojia, mishale na majina yote. Nikaona sina la kuuliza.

Sasa sikia nilichofanya na elimu yangu. Ya bluu niliitumia akibanwa, sawa. Ya kahawia nilimpa siku tatu, nikaona mtoto anacheza, anakula, hana kitu. Mtoto mzima unampea dawa ya nini? Nikaifungia kwenye mkebe wa majani chai, nikiingojea siku mbaya. Jirani yangu wa rumu ya kwanza, mama wa makamo anayeuza omena, akanifundisha kuipima: unaitumbukiza ndani ya ndoo ya maji, ikielea imeisha, ikizama iko. Kila Jumapili tuliinama sisi wawili juu ya ndoo. Ilizama. Tukafurahi. Bila shaka ilizama, si hakuna mtu aliyekuwa akiitumia.

Likizo ya Aprili mwaka jana nikampeleka kwa nyanyake, nje kidogo ya Bungoma, kwenye mashamba ya miwa. Kule kwao mjukuu hulala na nyanya jikoni. Jiko lenyewe ni nyumba ya udongo nyuma ya nyumba kubwa, mafiga matatu katikati, kitanda pembeni, kuku chini ya kikapu. Ni heshima. Mume wangu alilala pale, na dada zake wote. Kumkataza mjukuu ni kama kumwambia nyanya mikono yake ni michafu. Sikukataza. Nilisimama mlangoni, boda ikiwa inaningoja, nikamkabidhi pampu zote mbili. "Mama, akibanwa mpe hii." Nikaondoka.

Siku ya tano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kuni zikawa mbichi, moshi ukajaa jikoni, mtoto akabanwa. Mama mkwe alikuwa amefungia pampu kwenye kabati ya vioo, nyuma ya vikombe vya wageni, watu wa kanisa wasizione. Alipozitoa alimvua mtoto sweta, akampulizia kifuani na mgongoni, bluu halafu kahawia, mpaka zote zikaisha, vile anavyopulizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Akamaliza, akamsogeza karibu na moto apate joto.

Nilimkuta binti yangu hospitalini na mpira wa oksijeni puani. Alitaka kuniita, pumzi haikutosha neno moja. Akalitoa vipande viwili. Ma. Ma.

"Hiyo dawa yako ni ya bule," mama mkwe akaniambia pale pale kando ya kitanda, kwa lafudhi yake inayobadilisha r na l. "Nimepuriza yote, hakuna kitu. Na kwetu hakuna mtu wa kifua. Hii imetoka kwenu."

Nilimjibu. Sitaandika nilivyomjibu, kwa sababu mtoto wangu atakuja kusoma hapa. Lakini niliapa mbele ya nesi kwamba binti yangu hatalala tena kwa huyo mama, na niliondoka Bungoma bila kumuaga.

Wiki iliyofuata nilikuwa kliniki Kitale nikitafuta mtu mwingine wa kumkasirikia. Nikampata. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, nywele zimesukwa vizuri, viatu vya raba.

"Nionyeshe vile unampea," akasema, akinipa pampu mpya.

Nikamwambia mtoto afungue mdomo, nikafyatua. Sekunde mbili, basi.

"Hapo umetibu ulimi. Kifua haijapata kitu."

"Si ndivyo mlinionyesha?"

"Nani alikuonyesha?"

Nikafungua mdomo kumtaja, nikakosa wa kumtaja. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. "Mnatupea kitu kwa dirisha kama mkate, hamuonyeshi mtu, halafu mtoto akizimia mnatuuliza maswali! Mimi ni mjinga, ama nyinyi ndio wavivu?"

Nilitaka agombane. Akaenda akafunga mlango. Watu wa foleni wakaanza kelele huko nje, na yeye akatoa kwenye droo chupa ya soda, ile ndogo ya plastiki. Kitako chake kilikuwa kimetobolewa kwa waya wa moto, tundu la kutosha mdomo wa pampu, na pembeni limezibwa kwa selotepu hewa isitoroke. Pampu inaingia nyuma, mtoto anashika kwa midomo pale pa kifuniko. Unatikisa. Unapuliza mara moja, moja tu. Mtoto anapumua ndani ya chupa polepole, unahesabu mpaka tano. Anapumzika, unarudia. "Dawa inamngojea ndani ya chupa," akasema. "Si lazima mtoto akimbizane nayo."

Akanifanyisha mimi. Mara nne. Akanikosoa mara tatu.

"Na ya kahawia?"

"Nimeiweka. Ni ya siku mbaya."

Akaweka kalamu chini. "Mama, siku mbaya hiyo haina kazi. Hiyo inafanya kazi siku nzuri. Asubuhi na jioni, hata kama anaruka kamba. Halafu anasukutua mdomo." Nilipomweleza juu ya ndoo ya maji, akafunga macho kidogo. "Maji haikuambii kitu. Hesabu vile unapuliza, andika kwa karatasi."

Niliandika yote nyuma ya kadi, lakini nilikuwa naandika kama tulivyoandika shule, mkono unaenda na kichwa kimekaa. Ndipo akauliza, kama mtu anayepiga soga, "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akanyoosha kidole, akanigonga bega mara mbili. Ilikuwa Aprili, msimu umeisha kitambo, na bado kwenye ile sweta yangu kuukuu pakatoka kitu, chekundu kidogo, kikaning'inia kwenye mwanga wa dirisha. Sote watatu tukakitazama. Binti yangu akakohoa.

"Ndizo nguo unarudi nazo nyumbani?"

Nilitamani kumzaba kofi. Nilitembea kutoka kliniki mpaka kwetu nimemshika mtoto mkono, na yeye akiniuliza, "Mama, umekasirikia nani?" Nilikuwa nimekasirikia shingo yangu.

Tunaishi kwenye ploti ya vyumba vinane, mfereji mmoja, bafu moja. Msimu ulipoanza tena Oktoba nikafanya sheria: sipiti mlangoni kwangu na nguo za stoo. Narudi, naingia bafuni moja kwa moja, naoga, navaa nyingine, zile za kazi zinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Na mtoto marufuku kunikimbilia mpaka nimetoka bafuni. Siku ya kwanza alisimama kwenye ngazi akilia, akidhani nimemkataa. Majirani nao hawakuniacha.

"Ati siku hizi unaoga kabla ya kusalimia watu?" akapiga kelele yule mama wa omena. "Huko stoo unashona magunia ama una mtu?"

"Nina mtu. Anaitwa vumbi."

"Bana, hata vumbi limepata bibi, na mimi niko hapa tu!"

Lakini siku ya tatu nilikuta ametundika leso yake kuukuu kwenye mlango wa bafu ili nivulie hapo bila kuonekana, na amenichotea maji. Nikamlipa na mimi: nikamfundisha chupa. Nilipomweleza alivyosema daktari juu ya ndoo, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe miaka miwili nimekuwa nikiogesha dawa!" Akawafundisha wengine, kwa fujo zake. Siku ambayo mtoto alibanwa mchana nikiwa kazini, wanawake watatu walimshikia chupa, mmoja akipuliza, mmoja akihesabu, wa tatu akiwafokea wawili wa kwanza. Niliporudi mtoto alikuwa anakula mandazi.

Ile ya kahawia nilimpa asubuhi na jioni. Sikuamini sana, nilitii tu. Lakini usiku nikaanza kusikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka: hakuna kitu. Mtoto amelala kimya.

Novemba mwenye ploti akatangaza kwamba Desemba ataleta mashine ya kupukuchulia mahindi. Ataiweka wapi? Uani, mbele ya milango yetu, wiki mbili, yeye na ndugu zake wote. Nikamfuata. Nikamweleza vizuri kwanza, halafu vibaya.

Akacheka. "Mama, hii ni Kitale. Unataka tukule nini, hewa safi?"

Shule zitakuwa zimefungwa. Mume wangu, ambaye husafirisha mahindi hayo hayo kuelekea Turkana, akaniambia kwa simu kile nilichojua atasema. "Mpeleke kwa mama."

"Si nimpeleke tu makaburini moja kwa moja?" Nikakata simu.

Yule mama wa omena alikuwa amesikia yote, ukuta wetu ni mbao. Akaja akaegemea mlango. "Wewe ulionyeshwa hiyo chupa mara ngapi?"

"Mara nne."

"Na una Fomu Foo. Yeye ulimwonyesha mara ngapi?"

Nilimkumbuka mama mkwe wangu kwenye mlango wa jiko, pampu mbili mkononi, na mimi nikitazama boda. Nilimpa kwa dirisha. Lile lile lililonifanya nimtukane daktari, mimi nilikuwa nimelifanya kwanza, tena kwa mtu aliyekuwa ameachiwa mtoto wangu.

Jumamosi nikaenda Bungoma. Sikubeba sukari wala mkate, jambo ambalo kwa mkwe ni tusi. Nilibeba chupa mbili za soda, waya, selotepu, pampu, na mtoto.

Niliwakuta wanawake wanne wa kanisa wamekaa kibarazani, vitambaa vyeupe kichwani, wakipanga maombi ya wagonjwa. Mama mkwe akaniona. Miezi saba hatukuwa tumesemezana. Akainuka, akamkumbatia mjukuu, kisha akanitazama mikono.

"Kalibu. Umekuja na machupa."

"Nimekuja kukuonyesha dawa ya mtoto, mama."

"Kunionyesha." Akawageukia wenzake. "Mnasikia? Nimerea saba. Leo nafundishwa kurea." Wakacheka kidogo, kwa adabu. Akainama kwangu, sauti ya chini: "Hayo mambo tutaongea ndani. Si mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndiyo nataka," nikasema. "Kwa kabati ndiko dawa ilikuwa, ikatuletea oksijeni."

Nikajua nimekosea. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kusema kwa upole, na sentensi ya pili tu nimeshapasua. Uso wake ukafunga kama duka. Mtoto alikuwa ananitazama. Desemba ilikuwa wiki mbili mbele, na mashine haingeningoja nijifunze heshima.

Nyuma yake, kwenye ukuta wa zizi, lilikuwa limening'inia lile bomba lake la mgongoni la kupulizia ng'ombe. Sikuwa nimepanga kuuliza nilichouliza.

"Mama, ng'ombe unawapulizia lini?"

"Nini?"

"Dawa ya kupe. Unangoja uone kupe?"

Akanitazama kama anayetazama mtu mgonjwa wa akili. "Wewe! Ukingoja uone kupe, ndigana imeshaingia, ng'ombe imeraara chini. Kila Jumanne napuriza. Kupe iwe, isiwe."

"Hata ng'ombe akiwa mzima?"

"Hasa akiwa mzima!"

Nikainua ile ya kahawia. "Basi hii ndiyo Jumanne. Na mimi, mama, na Fomu Foo yangu, niliiweka kwa mkebe wa majani chai nikingojea kupe."

Nilijisikia nikilisema na nikalielewa wakati huo huo, kwa mara ya kwanza, pale kibarazani, si kliniki. Nikaona sina sababu ya kubakiza. Nikasema yote. Ndoo ya maji. Ulimi niliotibu. Nguo zangu, kitambaa changu, shingo yangu, jinsi nilivyomletea mtoto stoo nzima kila jioni nikidhani namletea mapenzi. "Haikutoka kwenu wala kwetu tu," nikasema. "Nyingine nilikuwa nimeivaa."

Mmoja wa wale wanawake, mnene, mwenye miwani, akafungua mkoba wake akatoa pampu ya bluu. Akaiweka mezani katikati ya vikombe vya chai.

"Yangu," akasema. "Miaka sita."

"Wewe?" mama mkwe akashtuka. "Wewe unayeimba sauti ya juu?"

"Unafikiri huwa naenda choo kila mara kabla ya kwaya kufanya nini?"

Basi wakacheka, safari hii bila adabu. Tukawasha moto, tukachoma waya, tukatoboa chupa. Mama mkwe alinipokonya ya pili. "Wewe unatoboa kama mtu anaogopa. Lete." Tundu lake lilikaa vizuri kuliko langu. Nikamfanyisha mara nne, kama nilivyofanyishwa. Mara ya kwanza alipuliza mbili kwa pamoja. Mjukuu wake akatoa mdomo kwenye chupa akamwambia nyanyake, "Kukhu, moja. Si ng'ombe." Nikangoja alipuke. Akatikisa tena, akapuliza moja, na kuhesabu kwa Kibukusu mpaka tano.

Iliyobaki ilikuwa jiko, na hiyo ilinichukua mpaka saa kumi. Aliposikia mtoto hatalala kule, macho yalimjaa maji. "Sasa atakuwa mjukuu wa wapi, akiraara sebuleni kama mgeni?" Nikamwambia ukweli: moshi utamlaza hospitali tena, na mimi nikirudi kumkuta vile sitarudi hapa tena maisha yangu. Si vitisho, mama, nakuambia tu nilivyo. Akamaliza kumenya ndizi. Kisha akamwita kijana wa jirani asaidie, wakabeba kitanda chake, kile chake mwenyewe cha jikoni, wakakiingiza nyumba kubwa. Mjukuu halali jikoni, basi na yeye halali jikoni. Ikaisha hivyo.

Niliandika karatasi kwa herufi kubwa: kahawia asubuhi na jioni, sukutua. Bluu akibanwa, moja, hesabu tano, rudia. Akishindwa kuongea, au midomo ikibadilika rangi, au bluu isisaidie, usingoje mtu: boda, hospitali, na bluu iendelee njiani. Tukaibandika kwa uji mzito ukutani, kando ya kabati ya vioo. Pampu zenyewe akazipanga mbele ya vikombe vya wageni.

Shule zilipofungwa nikampeleka mtoto kwa nyanyake, na Desemba mashine ikaja uani kwetu na kunguruma. Siku ya tisa, saa sita mchana, niko stoo, simu ikaita. Mama mkwe. Sindano ikabaki imesimama kwenye gunia.

"Jirani amechoma majani ya miwa," akasema, haraka, bila salamu. "Moshi imekuja hapa yote. Mtoto amebanwa."

"Mama—"

"Ngoja nimalize! Nimefunga madilisha. Nimempa bluu. Moja, nikahesabu. Nimerudia mala nne. Yule wa miwani alikuwa hapa, ameshika chupa. Boda nimeiita, iko hapa nje, nimeiambia ingoje tu. Sasa anaongea."

"Anaongea nini?"

"Anataka kujua kama ng'ombe wanapata pumu." Nikasikia mtoto nyuma, sauti nzima, maneno mazima. "Usikuje. Fanya kazi yako. Nikiona inaludi tunaenda hospitali, nitakupigia tukiwa kwa boda."

Nilisema asante. Nadhani hilo ndilo neno la kwanza zuri nililowahi kumwambia huyo mwanamke bila kulazimishwa.

"Na wewe," akasema, "ukikuja Krismasi, nguo za kazi uache Kitale. Hata kitambaa."

Nilishona lile gunia, na magunia yote ya siku hiyo, na hakupiga tena. Mkesha wa Krismasi nilishuka boda mbele ya geti lake nikiwa nimeoga, nimevaa gauni lililofuliwa, kitambaa kipya. Alikuwa amesimama getini na ndoo ya maji ya moto na leso begani. Binti yangu alikuwa nyuma yake, anaruka ruka, amezuiwa kwa mkono.

"Mama, nimeoga tayari. Hizi ni safi."

Akaninyooshea kidole, akanigonga bega mara mbili, akatazama kwenye jua la jioni kama kuna kitu kitaruka. Hakikuruka. Hata hivyo akanipa ndoo.

"Bafu iko pale," akasema. "Halafu ndiyo utamshika."

Nikaenda kuoga.